Shambrei si jinzi

Ukiingia duka la vitambaa Moshi mjini ukaulizia shambrei, huenda muuzaji akakutazama tu. Sema "jinzi laini" au "jinzi ya mashati" na jora litashushwa kutoka rafu ya juu bila swali. Jina lenyewe halina ubaya, watu huita kitu wanavyokiona. Tatizo ni yale yanayofuata. Kitambaa kikishaitwa jinzi kinashonwa kwa sindano ya jinzi, kinawekewa vifungo vya jinzi, kinasuguliwa kwa brashi kama jinzi, halafu baada ya miezi mitatu kinalaumiwa kwa kukosa nguvu za jinzi. Karibu kila kasoro ya shati la shambrei, ukiifuatilia mpaka chanzo, inaishia kwenye kosa hilo moja.

Tofauti iko kwenye ufumaji, na unaweza kuiona kwa kutumia ukucha. Shika ukingo uliokatwa, chomoa uzi mmoja unaokwenda kwa urefu wa jora na mwingine unaokwenda kwa upana. Kwenye shambrei ule wa urefu, yaani mtande, una rangi, mara nyingi buluu. Ule wa upana, mshindio, ni mweupe. Mshindio unapita juu ya uzi mmoja wa mtande, chini ya unaofuata, juu tena, chini tena, hadi ng'ambo. Jinzi nayo ina mtande wa buluu na mshindio mweupe, ila mshindio wake unapita chini ya nyuzi mbili au tatu kabla ya kujitokeza juu ya mmoja, na kila mstari unaofuata unasogea hatua moja pembeni. Hapo ndipo inapotoka ile mistari ya mshazari, na ndiyo sababu jinzi ikigeuzwa ni nyeupe zaidi kwa ndani. Shambrei haina mshazari na ukiigeuza utaona rangi ile ile. Kumbuka hilo la pande mbili kufanana, litatufaa mara mbili huko mbele.

Uzito nao ni wa mbali kabisa. Jinzi ya suruali ina gramu 400 hivi kwa mita ya mraba. Shambrei nyingi ziko kati ya 100 na 180. Jina limetokana na Cambrai, mji wa kaskazini mwa Ufaransa uliosifika kwa vitambaa vyepesi, lakini sifa yake ya nguo ya kazi imetoka Marekani, ambako mabaharia wa jeshi la majini na watu wa viwandani walivaa mashati yake ya buluu miaka mingi ya karne iliyopita. Buluu ile yenye vidoa vya weupe inasitiri vumbi na jasho kuliko nyeupe, na bado inapitisha hewa.

Kwa hali ya hewa ya huku kwetu, sidhani kama kuna kitambaa cha shati kinachofaa zaidi. Moshi iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha inakaribia 1,400. Ni kilomita 80 tu za barabara, lakini Februari saa nane mchana shati lenye polyesta pale Moshi linashika mgongoni kama plastiki. Sababu inapimika: pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake bila kuhisiwa kuwa mbichi, polyesta hubeba asilimia 0.4. Jasho lenye mahali pa kwenda halikusumbui. Na Julai Arusha, asubuhi ile ya ukungu, shambrei ya gramu 150 inavaliwa juu ya fulana kama koti dogo, ikifika saa sita unaifungua vifungo na maisha yanaendelea.

Dukani

"Dada, hii ni pamba tupu, haichuji wala hairudi."

Kati ya mambo hayo matatu, moja tu ndilo unaloweza kulithibitisha ukiwa bado dukani, nalo ni pamba. Mengine mawili yatapimwa kwenye ndoo. Omba vipande vya uzi kutoka ukingoni. Ukiomba kwa heshima, "kaka, naomba nyuzi mbili tatu hapo pindoni," wengi hawakatai. Choma mtande peke yake na mshindio peke yake, kwa sababu kuna vitambaa vyenye mtande wa pamba na mshindio wa polyesta, na ukichoma vyote pamoja utadanganyika. Fanyia nje ya duka, shika uzi kwa kibanio, weka maji karibu. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, na kinachobaki ni majivu mepesi ya kijivu yanayosagika kwa vidole. Polyesta inajikunja na kuyeyuka, moshi wake ni mweusi, na mwisho unabaki na kishanga kigumu. Mchanganyiko unawaka kama pamba halafu unakuachia vichembe vigumu ndani ya majivu.

Kipimo cha tone la maji, ambacho watu wengi hukipenda, hakiaminiki kwenye kitambaa kipya. Viwanda hupaka wanga au vilainishi ili jora liwe na mng'ao, na tone linaweza kukaa juu kama kwenye jani la mgomba ingawa kitambaa ni pamba asilimia mia. Tumia mikono badala yake. Sugua sehemu moja kwa nguvu kati ya vidole mara kumi. Ikitoka poda nyeupe na pale pakalegea kuliko pengine, umeshika wanga zaidi ya pamba, na baada ya kufua kitambaa kitakuwa chepesi na chenye uwazi kuliko unavyokiona sasa. Kisha kinyanyue kwenye mwanga wa mlangoni. Nyuzi zilizofumwa kwa ukaribu unaolingana zinatoa mwanga uliotulia. Ukiona mistari ya mwanga na giza, au ukiweza kuhesabu vidole vyako upande wa pili, hicho ni cha blauzi yenye kitambaa cha ndani, si cha shati.

Kuhusu rangi, unaweza kupata dokezo hapo hapo dukani: chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, hata leso, usugue nacho shambrei mara kumi. Buluu kidogo ni kawaida, hasa kama rangi ni nili ile ya jinzi, ambayo hukaa juu ya uzi bila kuingia hadi kiini. Buluu nzito inayopaka leso mpaka nyuma ni onyo. Shati hilo litapaka kiti cha gari, mkoba, na shingo yako.

Uzito upime kwenye mzani wa duka la jirani ikibidi. Hesabu yake ni nyepesi: gramu za kipande gawanya kwa eneo lake. Mita mbili za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 ni mita za mraba 3. Zikiwa na gramu 390, kitambaa ni cha gramu 130. Chini ya 110 ni cha watoto na blauzi za kujaa upepo. Kati ya 120 na 140 ndipo penye shati la kuvaa kazini Moshi. 150 hadi 180 ni ya sketi, gauni la shati, suruali pana ya kiuno cha mpira, au shati la Arusha. Kikizidi 200 muuzaji yuko sahihi, hiyo ni jinzi nyepesi.

Upana unabadilisha kila kitu, kwa hiyo usimwambie fundi "nitaleta mita mbili" kabla hujaupima. Majora yanakuja ya inchi 45 (sentimita 114 hivi) na ya inchi 58 hadi 60 (kama 150). Shati la mwanaume mwenye kifua cha sentimita 100, mikono mirefu, linahitaji mita 1.8 hadi 2 kwenye upana wa 150, na mita 2.5 hadi 2.7 kwenye 114. La mikono mifupi, mita 1.5 au 2.1. Gauni la shati linalofika magotini, mita 2.5 za upana mkubwa. Kwa kila mita ongeza sentimita 10 za kurudi na kunyoosha. Na yote yakatwe jora moja kwa siku moja. Buluu ya jora hili na la pembeni yake zinaweza kulingana chini ya taa ya duka na kuachana kabisa juani, ukaenda na mikono ya rangi moja na mgongo wa rangi nyingine.

Inashangaza kidogo kwamba pamba inayolimwa Simiyu na Shinyanga, nyingi huondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi kwenye marobota, na sisi tunakuja kuipima upya hapa ikiwa jora kutoka nje. Hilo lakini lina makala yake.

Ndoo kabla ya mkasi

Hapa ndipo mashati mengi yanapoharibikia, na fundi huwa bado hajaguswa na lawama. Kitambaa cha pamba kikiwa kiwandani kimevutwa kwa urefu muda wote: kwenye mashine ya kufuma, kwenye kutia rangi, kwenye kukunja jora. Kikikutana na maji nyuzi zinavimba, zinalegea na kurudi urefu wake. Kwa kuwa mtande ndio uliovutwa zaidi, kitambaa hurudi kwa urefu kuliko kwa upana. Kuna mashine ya kukirudisha kitambaa kiwandani kabla hakijauzwa, aliyoibuni Mmarekani Sanford Cluett, ndiyo maana baadhi ya lebo zina neno "Sanforized". Kitambaa kilichopita humo hurudi kwa asilimia 1 au chini yake. Ambacho hakikupita kinaweza kurudi asilimia 4, 5, hata 10, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Kwa hiyo pima. Kwenye kona moja ya kitambaa kikavu chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, kisha pitisha uzi mweupe kwa mkono juu ya mistari hiyo. Usitegemee chaki, itaondoka na maji. Piga zigizagi au mshono wa kawaida kwenye ncha mbili zilizokatwa, la sivyo utatoa kwenye ndoo kichaka cha nyuzi zilizofungana. Loweka kwa maji ya moto kiasi utakachowahi kutumia maishani mwa shati hilo, na sabuni ya unga iliyoyeyushwa kwanza, nusu saa hadi saa moja. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Usikamue kwa kusokota. Kunja kwa urefu, anika kwenye kamba ikiwa imenyooka. Rudia mara ya pili, maana kufua mara moja hakumalizi.

Sasa pima mraba. Kila sentimita moja iliyopotea kwenye 50 ni asilimia 2. Ukikuta urefu umebaki 48, hiyo ni asilimia 4. Inaonekana ndogo. Shati la urefu wa sentimita 76 lingepoteza 3, mkono wa 62 ungepoteza 2.5 na kuishia juu ya kifundo, na kola ya 40 iliyokatwa kwa kufuata urefu wa kitambaa ingebaki 38 na kidogo, kifungo cha juu kisifunge tena. Ukiona hivyo fua mara ya tatu kabla ya kumpelekea fundi.

Chumvi na siki, tafadhali, viacheni jikoni. Chumvi hutumika kiwandani wakati wa kutia rangi, kuisukuma rangi iingie kwenye uzi. Kazi hiyo ikishaisha, kijiko chako cha chumvi kwenye ndoo hakifungi chochote. Siki ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri. Rangi ya ziada kwenye shambrei inatolewa kwa kufua, basi. Kama baada ya maji ya tano bado ndoo ni buluu, umenunua kitambaa kibaya, na ni afadhali ujue sasa kuliko ukishalipa ufundi.

Piga pasi kikiwa kibichi kidogo, ukifuata urefu. Kabla ya kukata, nyoosha ncha: chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo na ukate kwenye njia uliyoiacha. Mara nyingi utagundua kwamba mkasi wa duka ulikwenda upande kwa sentimita 3 au 4. Kitambaa kikiwa kimepinda, shika kona mbili zinazotazamana kwa mshazari mkivuta watu wawili mpaka kikae mraba. Kuna sababu ya kusisitiza hili. Mguu wa suruali ya jinzi ukijisokota baada ya kufuliwa, fundi anaweza kujitetea kwamba ni ule mshazari. Shambrei haina nguvu inayoivuta upande mmoja. Shati lake likijisokota, lilikatwa vibaya.

Mezani kwa fundi

Mafundi wetu wa Arusha na Moshi wanajua kushona shati, hilo si la kufundishwa. Kinachotakiwa ni kuwaambia waiweke mashine kwa kitambaa cha shati, hasa kama asubuhi walikuwa wanapunguza suruali za jinzi.

Sindano iwe namba 80/12, au 70/10 kwa kitambaa cha chini ya gramu 120. Ile ya 100/16 iliyobaki kwenye mashine tangu jana inatoboa tundu kubwa, inasukuma nyuzi pembeni, na tundu hilo linabaki likionekana hata baada ya kufua. Cherehani za kukanyaga za nyumbani zinachukua aina ya HA×1, zile za kiwandani zenye mota DB×1. Hazibadilishani, na sindano isiyokaa sawa ndiyo inayoruka mishono. Sindano iwe mpya. Shilingi mia chache hizo ndizo gharama ndogo kuliko zote kwenye shati zima.

Uzi ni 40/2 wa kawaida juu na chini. Wateja wengi hutaka ule uzi mnene wa rangi ya chungwa ili shati lionekane kijinzi. Unapendeza siku ya kwanza. Uzi mnene kwenye kitambaa cha gramu 130 hauna mahali pa kuzama, unakaa juu kama kamba, na ukishafuliwa mshono unakunjamana. Ukitaka rangi ya chungwa, tafuta rangi hiyo kwenye 40/2.

Kukunjamana kwa mishono kunastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo kasoro inayofanya shati la kushonewa lionekane la bei rahisi. Ufumaji wa moja juu moja chini umejaa. Ukiingiza uzi wa kushonea ndani yake, nyuzi za kitambaa zinasukumana na kitambaa kinajikunja ili kupata nafasi, na hali ni mbaya zaidi kwenye mishono inayokwenda sambamba na mtande: ubavuni, kwenye ukanda wa vifungo. Jinzi ni nene, inavumilia. Shambrei haivumilii. Jaribu kwenye kipande cha ziada, tabaka mbili, mshono wa sentimita 20 kuelekea urefu, kisha pima tena. Kikibaki 20, endelea. Kikibaki 19.5, legeza mkazo wa uzi wa juu nusu duara, halafu wa bobini ikihitajika, na punguza ugandamizaji wa mguu. Hatua ya mshono iwe milimita 2.5, ya urembo wa juu, 3. Mishono mifupi ya milimita 1.5 inayosifiwa kuwa ndiyo imara inatoboa kitambaa chepesi kama stempu, na siku ya kuvutwa kinachanika kwenye mstari huo huo. Wakati wa kushona, kitambaa kishikwe mbele na nyuma ya sindano, kikiwa kimenyooka bila kuvutwa.

Mishono ya ndani: shambrei inachomoka nyuzi haraka. Ukiacha nusu sentimita na kupitisha overloki, kwapa litaachia kabla ya mwaka kwisha. Acheni sentimita 1 nzima baada ya overloki. Kilicho bora zaidi ni mshono wa kulaza, ule wenye mistari miwili: acha sentimita 1.5, shona, punguza upande mmoja ubaki milimita 6, kunja ule mrefu uufunike, piga pasi, shona ukingo wake. Kwa kitambaa cha chini ya 120, mshono wa Kifaransa unakaa vizuri zaidi. Shona kwanza pande za nje zikitazama nje, kwa milimita 6. Punguza zibaki 3. Geuza, piga pasi, shona tena milimita 9. Hakuna uzi utakaochungulia.

Kola inaharibiwa na kitu kisichoonekana, yaani kile kitambaa cha kubandika kwa pasi kinachowekwa ndani yake. Kikiwa kigumu na kizito, kama cha makoti, kola inasimama kama karatasi ya boksi. Kikiwa hakijarudi, kinarudi baadaye ndani ya kola na kuinua mapovu yasiyonyooka kwa pasi yoyote. Chagua chepesi cha kufumwa, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, kianike bila kukamua, ndipo kikatwe. Wakati wa kubandika, pasi iwekwe na kuinuliwa, sekunde 10 hadi 15 kila mahali, isiteleze. Kwa pasi ya mkaa weka kitambaa chenye unyevu katikati. Moto wake haulingani na majivu hayana adabu.

Vifungo viwe vya shati, milimita 11, na tundu la milimita 13 au 14. Vile vya chuma vya kugongelea ni vya jinzi. Vinahitaji unene wa kushikilia, na kwenye shambrei vinang'oka na kipande cha kitambaa. Kama mteja anavitaka kwa vyovyote, weka tabaka mbili za kitambaa cha kubandika chini ya kila kimoja, na bado sitoi dhamana.

Pindo la chini lililopinda lishonwe jembamba, kunja mara mbili za milimita 6. Fundi apitishe kwanza mshono mmoja milimita 6 kutoka ukingoni, akunje kwenye mstari huo, apige pasi, akunje tena. Pindo pana la sentimita 2 kwenye sehemu iliyopinda lazima litajikunja, haliwezi kulala.

Halafu lile la pande mbili kufanana, mara ya kwanza. Kila kipande kikishakatwa kiwekewe alama ya chaki upande wa ndani, la sivyo vitachanganyika mezani na tofauti ndogo ya mng'ao itaonekana juani. Ila fundi akikata mikono miwili ya kushoto, asihangaike. Ageuze mmoja. Kwenye jinzi angekuwa anatafuta nusu mita nyingine mjini.

Kufua

Fupi: maji ya baridi, upande wa ndani nje, peke yake mara tatu za kwanza. Kuloweka dakika 10 kunatosha. Kuloweka usiku kucha kunachuja rangi bila kuongeza usafi. Kola na kingo za mikono zisuguliwe kwa mkono na sabuni ya mche, brashi ibaki kwa viatu. Jiki hata tone hapana, inakula buluu na kuacha madoa ya manjano. Anika kivulini, maana jua la huku juu ni kali, na shati lililokaa kwenye kamba siku nzima linapauka mabegani kwanza, mahali ambapo kila mtu anaona. Piga pasi likiwa na unyevu. Likishakauka kabisa utapigana nalo.

Kupauka polepole kwa usawa, kwa upande mwingine, si kasoro. Shambrei ya miaka minne ina buluu ambayo jora jipya haliwezi kuwa nayo.

Mtumba na kola

Ukiniuliza mahali pa kuanzia, nitakuambia usianze na jora. Nenda soko la mitumba la Memorial pale Moshi, au la Krokoni kwa walio Arusha, mapema siku ya kufunguliwa belo. Shati la mtumba la shambrei limeshamaliza mambo ambayo kitambaa kipya hukuficha. Limesharudi lililorudi, limeshachuja lililochuja, na lebo ya asilimia mia pamba kwa kawaida bado imeshonwa ubavuni. Kagua viwiko kwa kulinyanyua juani, kagua makwapa kwa kunusa na kwa kuvuta kidogo pande mbili, maana jasho la zamani hudhoofisha nyuzi bila kuonekana. Madoa ya manjano ya kwapani hayatoki. Shati kubwa kuliko mwili wako si tatizo. Lenye ukubwa wa XL linatoa blauzi ya mama au mashati mawili ya mtoto wa miaka mitatu, fundi akikwepa mifuko na mishono.

Mara nyingi mtumba mzuri unaachwa kwa sababu kola imechakaa pale inapokunjwa shingoni, nyuzi nyeupe zimetokeza. Hapo ndipo pande mbili kufanana kunapofaa mara ya pili. Kola ya shati imeshonwa ndani ya ukanda unaosimama shingoni. Tia alama ya katikati kwenye kola na kwenye ukanda kwa uzi, si kwa chaki. Fumua mshono unaounganisha viwili hivyo tu, kutoka ncha moja hadi nyingine, kwa wembe au kifumulio, ukikata kila mshono wa tatu upande mmoja na kuvuta uzi wa upande wa pili. Ukanda wenyewe usiuguse, wala vifungo. Ng'oa nyuzi zilizobaki, piga pasi kingo zote. Sehemu iliyochakaa iimarishe kwa mishono michache ya mbele na nyuma kwa uzi wa rangi inayolingana, kwa kuwa sasa itakaa chini. Geuza kola, juu iwe chini. Irudishe ndani ya ukanda, linganisha alama za katikati, kisha ncha mbili, bana kwa pini, shona juu ya mstari wa zamani ukitumia matundu yale yale kama mwongozo. Upande uliokuwa umejificha miaka yote huwa na buluu iliyokoza kidogo kuliko shati; mwezi mmoja wa jua unaisawazisha. Ni kazi ya dakika 40 kwa fundi asiyekimbizwa, na shati linapata maisha ya pili sawasawa na ya kwanza.

Kola ikichakaa tena upande huo, upande wa tatu haupo. Hapo shati linakuwa la shambani.